Mhariri, mtoto akija kusaidia kupanda nyasi mpe na kamba ya kupimia, sio ndoo peke yake

Mhariri,

Assalam aleikum wewe na wasomaji wote. Naomba kijinafasi kwenye ukurasa wa barua, najua yangu ni ndefu, mkitaka kukata kateni kwenye habari za mbolea lakini habari ya mtoto muiache.

Kuna msomaji aliandika hapa akilalamika ati watoto wa siku hizi likizo ikifika ni simu na katuni mpaka shule zifunguliwe, na akasema wazazi tuwape kazi za nyumbani. Sipingani naye sana, ila nlipofika kwenye mifano yake nlicheka, manake yote ilikuwa ni ya kutuma, akateke maji, akanunue mkate, akamwite fulani. Sote tumetumwa na hatukufa. Lakini mtoto wa kutumwa kutwa nzima hajui kazi yenyewe inaendaje, anajua kile kipande chake cha kwenda na kurudi, sasa akichoka na kukimbilia simu mnashangaa nini? Langu mimi ni hili, mtoto ukimuingiza kwenye kazi kubwa muingize mpaka kwenye kupima na kuamua, na nna mfano, manake likizo ya Aprili nimepanda nyasi uwanja mzima wa nyumba ya mamangu hapa Malindi na msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa kakangu, wa miaka kumi na moja.

Mimi nna kitalu cha miche na nyasi, ndio kazi inayonilisha, kwa hivo nyasi nazijua na sikuwa nabahatisha. Uwanja wenyewe ni mita 20 kwa 15, mchanga mtupu, na upande wa kisima ukipiga jembe unagonga jiwe la matumbawe, si mnajua ardhi yetu ya pwani. Kaskazi ikivuma kuanzia Disemba mpaka Machi vumbi linaingia mpaka kwenye chungu cha wali. Mama alichoka na vumbi, alafu wajukuu wakacheza humo wakapata funza, na funza anapenda mchanga mkavu wa vumbi kama ule, bas bibi akakata shauri, nataka nyasi, na nazitaka kabla ya harusi ya mdogo wenu.

Kabla sijaendelea nimalize la jirani. Jirani yangu mmoja alipoona mtoto ameshika reki alinambia, "Mama, wamtumikisha mtoto wa mwenzio, huoni ni makosa?" Mimi sikukasirika, swali zuri. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kwenye Ibara ya 53 inasema mtoto alindwe na kazi za hatari na za kunyonywa, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumuajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kabisa, na wa 13 mpaka 16 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Ndio maana kazi zangu za wateja kule kwenye majumba ya wazungu Casuarina sijawahi kwenda na mtoto hata siku moja, hata akilia kwamba anataka kuona bwawa la kuogelea. Hii ilikuwa nyumba ya bibi yake, wakati wa likizo, na mimi niko naye muda wote. Mtoto anayepasua mawe machimboni saa ambazo wenzake wako darasani hiyo ni habari nyingine na serikali iishughulikie, tusichanganye mambo.

Haya, kazi. Jambo la kwanza sikumpa jembe, nlimpa kamba na tepu na karatasi ya daftari. Nkamwambia nichoree uwanja wa bibi. Akapima, akachora, akaweka mwembe, kisima, baraza na njia ya kwendea choo cha nje. Alafu nkamuuliza, tukitaka kuweka udongo mzuri wa sentimita 10 juu ya uwanja wote ni udongo kiasi gani? Akakaa kwenye baraza anapiga hesabu, 20 mara 15 ni 300, mara 0.1 ni mita 30 za ujazo. Nkamwambia toroli letu likijaa vizuri ni kama lita 60. Akanyamaza kidogo, akapiga tena, akainuka akasema, "Shangazi, hizo ni toroli mia tano, nani atabeba?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Manake mtoto aliyeambiwa tu "beba" angebeba kumi akakimbia, lakini aliyeona mia tano kwenye karatasi yake mwenyewe anaanza kutafuta njia. Akauliza, kwani chini ya mwembe nyasi zinamea? Zinamea kwa taabu, nkamwambia, kivuli cha mwembe ni kizito, majani yanaanguka kila siku, mizizi inagombania maji. Bas hapo tusipande, akasema, wawekwe wazee na viti vyao. Tukachora duara la mita 4 kutoka shinani na tukapunguza kama mita 50 za mraba papo hapo. Mama mwenyewe alikuwa anataka nyasi mpaka kwenye shina na mimi nlikuwa nishakubali kumridhisha tu, ni mtoto aliyemshinda bibi yake kwa hoja, na bibi akakubali kwa vile amesema mjukuu, ningesema mimi tungekosana.

La pili, akauliza kama ni lazima udongo uwe sawa kila mahali. Nkamuonyesha kipande cha nondo, nkamwambia zunguka uchome ardhini kila baada ya hatua tatu, ikigonga jiwe weka alama na uandike imeingia kiasi gani. Alizunguka asubuhi nzima, watoto wa jirani nyuma yake, kila mmoja anataka kuchoma. Ramani yake ilionyesha kitu ambacho ningekijua baadaye kwa gharama, kwamba jiwe liko juu juu upande wa kisima tu, kwengine mchanga umeenda chini vizuri. Kwenye mchanga mrefu hakuna haja ya kuleta udongo mwingi, unachanganya mboji na mbolea iliyooza ndani ya ule mchanga ili ushike maji, shida ya mchanga sio kina, ni kwamba maji yanapita tu yakaenda zake. Kwa hivo udongo wa lori tukauweka kule kwenye jiwe peke yake. Kuna mafundi wa bustani hapa mjini hawafanyi hivyo, wanamwaga udongo mwekundu kote kwa vile ndio unaolipwa kwa lori, nitasema ukweli na wenzangu wanisamehe.

Na huo udongo wa lori msiutandaze siku unayofika. Unakuja na ndago, wale wenye vijifundo chini kama lulu nyeusi, ukiwang'oa juu juu kijifundo kinabaki na kesho wanatoka watatu. Sisi tuliulundika, tukaumwagilia kidogo kila jioni, tukangoja ndago waote, alafu mpwa wangu akapewa kazi ya kuchimbua ndago na kijifundo chake mpaka mwisho. Macho ya mtoto kwa kazi hiyo wallahi hayana mfano, mimi miwani yangu inaniangusha. Mbolea ya mbuzi ni hivyo hivyo, isiwe mbichi, ukiingiza mkono wenye glavu ndani ya lundo ukasikia joto bado haijawa tayari, itaunguza mizizi. Hapa nlikuwa mkali, glavu na buti kila siku, na akimaliza anaoga kwa sabuni, mbolea sio mchezo.

Pembe tulizipata kwa kamba ya mafundo, mita 3 upande huu, 4 upande ule, na pale zinapokutana kwa 5 pembe yako iko sawa, mafundi wa nyumba wote wanaijua. Mtoto hakuamini, akapima tena na tena kwa ukingo wa mlango. Usawa wa ardhi tulichukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, yeye kashika ncha moja huku mimi nimeshika nyingine, maji yakitulia mnajua pale mlipo mko sawa, kisha tunashusha sentimita 1 kwa kila mita kuelekea nje ya nyumba. Kwa mita 15 inakuwa sentimita 15, jicho halioni lakini maji yanaona. Masika ya hapa mvua ya Mei sio mchezo, uwanja ukiinamia nyumba umejikaribishia bwawa sebuleni.

Sasa kuchagua nyasi, na hapa ndipo tulipobishana zaidi, na ndipo nlipofurahi zaidi.

Wateja wangu wengi wanaotoka bara wanakuja wanataka nyasi za Kikuyu, kwa vile wamezizoea Nairobi na Limuru. Zile ni nyasi za nyanda za juu, asili yake ni huko kwenye baridi ya milimani, hapa kwenye joto na chumvi zinateseka na mtu anateseka nazo. Kwetu chaguo ni tatu hivi. Kuna ile ya majani mapana inayoitwa Pemba, inavumilia kivuli na hewa ya chumvi, nzuri kwa macho, inatambaa kwa juu. Kuna paspalamu, yenyewe inamea hata karibu na mikoko, hiyo ukiwa na kisima cha maji ya chumvi ndio mkombozi wako. Na kuna ukoka wetu wa siku zote, majani membamba, unataka jua kutwa, kivulini unakufa, lakini jua na ukame unavumilia.

Mimi nlikuwa nishaamua Pemba uwanja wote, iko kitaluni, imepona, na ni ya kifahari kwa harusi. Mpwa wangu akauliza swali moja, mpira tutachezea wapi? Nkamwambia humu humu. Akasema basi mbele ya goli zitakufa. Nkamuuliza umejuaje, akasema shuleni kwao mbele ya goli ni mchanga mtupu hata mvua inyeshe vipi. Na ni kweli kabisa. Pemba inatambaa juu ya ardhi tu, haina shina la chini, ukiikanyaga kila jioni ukakata ile mikono yake ya juu imekwisha. Ukoka una mikono ya juu na mashina mengine chini ya ardhi, ukichanika leo unachipua kutoka chini, ndio maana viwanja vingi vya mpira vya nchi za joto ni vya ukoka wa aina mbali mbali. Mtoto hakujua sababu lakini alikuwa ameliona jambo lenyewe, mimi nlikuwa na sababu na sikufikiria goli hata kidogo, nafikiria hema la harusi na viti.

Tukagawa. Upande wa baraza na ukingoni mwa kivuli cha mwembe Pemba, katikati kwenye jua ambapo watakimbizana ukoka. Ila ukoka ni mvamizi, ukiuachia unaingia kwenye Pemba na kwenye maua ya bibi kwa kupita chini, kwa hivo baina yao tulichimba mfereji tukazika mstari wa matofali ya mawe yaliyobaki kwenye ukuta, kina cha kama sentimita 20. Mawe nliyainua mimi na kijana mmoja tuliyemlipa. Hiyo ilikuwa sheria, mtoto hainui jiwe wala haingizi mkono chini ya jiwe, manake chini ya matumbawe ndiko wanakolala nge na tandu, na tuliwaona.

Mbele ya baraza tu ndipo tuliweka vipande vilivyokatwa na mizizi yake na udongo wake, zile watu wanaita kapeti, kwa sababu ni ghali na mama alitaka sehemu moja ionekane kijani siku hiyo hiyo. Kapeti zikishakatwa hazingoji, zikirundikwa zinachemka ndani na kugeuka manjano, inatakiwa zitandazwe siku ile ile. Unaanza kwenye ukingo ulionyooka, unabana kipande na kipande bila nafasi, na maungio yapishane kama ukuta wa mawe unavyojengwa, unapiga magoti juu ya ubao sio juu ya nyasi, na unamwagilia huku unaendelea, usingoje umalize. Mpwa wangu alikuwa mtu wa maungio. Nlikuwa naweka, yeye anapita nyuma na kopo la udongo laini anajaza nyufa kwa vidole. Vidole vidogo vinaingia, vyangu haviingii.

Sehemu iliyobaki yote, yaani karibu uwanja wote, ni vipando. Unakata mkono wa nyasi wenye pingili mbili tatu, unazika pingili moja au mbili, ncha yenye jani inabaki juu, unakanyaga kidogo. Umbali wa shubiri moja. Shubiri yangu mimi ni kubwa, inakaribia sentimita 20, yake ni kama 15, nkamwambia pima kwa mkono wako, zikikaribiana zinafunika haraka. Mistari yake ilikuwa inapinda pinda, na kijana wetu akaanza kumrekebisha kila mara, nkamwambia muache, nyasi zikishafunga ni nani atauliza mstari ulipita wapi? Hapa ndipo watu wazima wengi tunaharibu, tunamrekebisha mtoto kwenye jambo lisilo na maana mpaka anaacha na lile lenye maana.

Saa za kazi zilikuwa asubuhi baada ya chai, mahamri na mbaazi, mpaka saa nne, kisha hakuna kutoka kwenye jua mpaka alasiri, na siku za chuo cha Kurani anakwenda chuoni kwanza, sikumkosesha. Kazi moja haifanywi mpaka achoke, tukipanda kidogo tunahama kwenye kupima, tukipima tunahama kwenye ndago. Mtoto habweteki akibadilishiwa, anabweteka akiachwa peke yake na kazi isiyo na mwisho.

Ambayo ndiyo iliyotokea kwenye kumwagilia, niseme wazi isije ikaonekana nauza mtoto malaika. Kumwagilia kulimshinda. Siku za mwanzo nyasi changa zinataka maji asubuhi na jioni, juu ibaki na unyevu, na mtoto kusimama na mpira wa maji saa nzima hakuwezi, anaanza kurusha maji juu, anamrushia paka, anajenga mto, upande mmoja tope na upande mwengine vumbi. Bibi akapiga kelele, mimi nkaona tusigombane, kazi ya mpira wa maji nkaichukua mimi na yeye nkampa hesabu yake.

Hesabu ni hii, na kila mwenye uwanja aijue. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Nyasi changa ukizipa milimita 5 kwa siku, kwa mita zetu 250 ni lita 1,250, ambayo ni zaidi ya mapipa sita ya lita 200, kila siku. Hapa Malindi maji ya mfereji mnajua yanavyokuja na kuondoka, na kisima chetu kiko karibu na bahari. Maji matamu ya visima vya pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa pampu kubwa kwa haraka chumvi inapanda, kwa hivo tunavuta kidogo kidogo na kupumzisha, na yeye anaonja kabla hatujamwagilia, akikunja uso tunangoja. Alafu akaweka mkebe wenye ukuta ulionyooka katikati ya uwanja, mvua ikinyesha anaingiza rula. Siku rula ilipoonyesha milimita 12 alikuja mbio jikoni kumwambia bibi yake kwamba wamepewa lita 3,000 bure na leo hakuna pampu. Bibi akamwambia aseme alhamdulillahi kwanza, hesabu baadaye.

Ndio sababu nyasi hapa zipandwe masika yanapoanza, na likizo ya Aprili inaangukia hapo hapo, sijui kwa nini watu wanangoja Disemba kwa vile ndio wako na pesa za bonasi, wanapanda kaskazi ikiwaka alafu wanakuja kitaluni kunilaumu mimi kwamba nyasi zilikuwa mbovu. Na wengine wanalalamika zimekuwa manjano na wanamwagilia kila siku, hao niwaambie mara nyingi ni chokaa ya matumbawe, ardhi yetu ina chokaa nyingi inayofungia madini ya chuma nyasi zisiweze kuyavuta, maji zaidi hayatasaidia, ongezeni mboji.

Mbuzi sisemi sana. Malindi mbuzi wanatembea kama raia. Tuliziba geti na wavu, na ulinzi ukawa wa watoto wote wa mtaa, huo hawakuhitaji kufundishwa.

Kukata pia hakukuwa kwake. Slasha na mashine ya kukatia ni za mtu mzima, na dawa yoyote ya sumu haishiki. Nyasi zikifika sentimita 7 au 8 ndio tunakata mara ya kwanza, na hatuondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu, ukizinyoa mpaka chini jua linaunguza ardhi na magugu yanaingia. Yeye kazi yake ilikuwa rula tena, kusema leo ndio au bado. Alisema bado mara kadhaa na bibi hakupenda kwa sababu ya harusi, lakini tulimfuata mwenye rula.

Najua kuna watakaosema shangazi wewe una kitalu, una muda, sisi tuna kazi za ofisi. Sawa. Lakini angalieni hii miradi ya CBC, ule mtaala wa umilisi wa shule zetu. Kilimo wanasomeshwa kuanzia Gredi ya nne, mwalimu anasema leteni mradi, na usiku mzazi ndiye anakaa sakafuni na gundi na chupa za plastiki anatengeneza bustani ya kuning'iniza huku mtoto kalala, asubuhi mtoto anabeba mpaka shule akapigwe picha. Huko nako ni kutumwa, beba hii peleka kule. Muda huo huo mzazi angeweza kukaa naye Jumamosi wapande mita mbili za ukoka kwenye mlango, mtoto apime, akosee umbali, aone wapi zimekufa na ajiulize kwa nini. Na mwalimu naye aulize mtoto swali moja tu badala ya kuangalia picha, udongo wako una kina gani? Aliyefanya atajibu.

Na swali la malipo, manake nimeulizwa na wengi. Sikumlipa kwa siku. Babake alitaka nimpe kitu, nkakataa kumpimia kwa saa, ila goli lilinunuliwa, la mabomba na wavu, na mahali pa kuliweka alichagua yeye, akaliweka mbali na dirisha la bibi bila kuambiwa.

Harusi imepita, hema lilisimama kwenye upande wa Pemba kwa siku chache na nyasi za chini yake zilififia zikarudi. Ukoka umefunga karibu wote isipokuwa kona moja ya upande wa kisima ambapo mchwa wanakula mizizi, na hapa naomba msaada wa wasomaji. Sitaki sumu kwa sababu ya watoto na kisima kiko hapo hapo. Nimejaribu jivu na majani ya mwarobaini yaliyolowekwa, wanapungua wiki hii wanarudi ile. Kama kuna mtu wa Mambrui au Gongoni aliyewashinda bila sumu aandike hapa hapa gazetini.

Na mpwa wangu ana swali lake kwa watu wa Lamu, amenisisitiza niliandike. Kule Shela ambako kuna yale matuta ya mchanga yanayohifadhi maji ya visima vya mji, wenye nyumba wanaotaka nyasi wanachanganya nini kwenye mchanga mtupu hivyo, na mbolea wanayotia haishuki ikaingia kwenye maji ya kunywa?

Ni mimi shangazi mtu,
Malindi